Matundu Mawili Ubavuni mwa Mashine

Worcester, Massachusetts
9 Novemba 1901

Dada yangu mpendwa Asenath,

Pokea salaam zangu, za mke wangu Hattie, na za mwanetu Clara, ambaye ameota meno ya mbele na sasa anauma kila kitu, hata baba yake. Sisi wazima. Maapulo makavu uliyotuma yalifika salama na Hattie akayapikia pai. Mama mkwe wangu, ambaye hajasifu kitu tangu nimfahamu, alikula vipande vitatu akanyamaza kimya. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Shikamoo, Mama Mlezi Dorcas. Najua barua hii unaisoma wewe kabla ya dada yangu, kama unavyosoma kila barua inayoingia na kutoka hapo kijijini kwa Waumini. Nimelelewa hapo, taratibu zenu nazijua. Leo nakuomba jambo moja tu: uisome yote, kisha umpe yote.

Dada, sikia. Hapa kiwandani kwa Bwana Stroud, ambako kazi yangu ni kuchora mashine kabla hazijaundwa, tumeanza kutengeneza mashine ya kukatia mahindi mabichi. Unakanyaga kwa mguu, gunzi linasukumwa kati ya visu viwili vilivyopinda, na visu hivyo vinajipanua na kujibana vyenyewe kufuata unene wa gunzi. Punje zinaanguka upande huu, gunzi tupu linatokea upande ule. Sina haja ya kukueleza zaidi. Ni mashine yako, ileile niliyoiona jikoni kwenu nilipokuja kukutembelea Septemba ya mwaka jana.

Bwana Stroud ameichukulia hataza huko Washington. Serikali imemwandikia kwamba yeye ndiye aliyeibuni, na kwa miaka kumi na saba hakuna mtu mwingine wa kuiunda, kuiuza wala kuitumia bila ruhusa yake. Wiki iliyopita alitukusanya wafanyakazi wote akatusimulia jinsi wazo lilivyomjia akiwa amekaa kwenye beseni la kuogea. Watu wakapiga makofi. Mimi nilijifanya natafuta rula.

Usikubali, Dada. Iandikie serikali kwamba mashine ni yako. Ilivyofika mikononi mwake si hoja kwa sasa. Hoja ni jina. Jina lako liko wapi?

Nduguyo,
Orrin Whitcomb


Harlow Hill, New Hampshire
24 Novemba 1901

Kwako Orrin,

Barua yako nimeipata, nami nakushukuru. Huku hatujambo. Theluji ya kwanza imeanguka na kuvunja tawi la ule mti wa maapulo uliokuwa ukiukwea ingawa ulipigwa marufuku. Dada Philena bado anakohoa, lakini anakohoa huku akiimba, kwa hiyo hatuna hofu naye. Mwambie Hattie achanganye mdalasini kidogo kwenye pai, mama mkwe wako ataomba kipande cha nne. Mbusu Clara.

Kuhusu mashine. Umelelewa hapa, kwa hiyo unanishangaza. Kiti chetu hakina jina la fundi. Sanduku halina, kikapu hakina, ufagio hauna. Kazi ikiisha, ni ya wote. Niliunda ile mashine kwa sababu Dada Philena alijikata ncha ya kidole akikata punje kwa kisu cha mkono, na kwa sababu kila vuli mahindi ni mengi na mikono inapungua. Mahindi makavu tunayouza kwenye makopo ndiyo yanayotupitisha majira ya baridi. Sikuiunda ili niandikwe Washington.

Bwana Stroud akitaka kuitwa mbunifu, aitwe. Akitaka kuliwekea beseni lake sanamu, aliwekee. Mashine iko hapa na inafanya kazi.

Ila nina swali dogo. Alipita lini hapa huyo Bwana Stroud? Watu wa dunia wanaokuja kutununulia makopo wanaishia dukani, barabarani. Jikoni hawafiki. Nimewauliza akina dada wote na hakuna anayemkumbuka.

Dada Asenath

Kijana, ni mimi Dorcas. Nimeisoma yote na nimempa yote. Marahaba. Na huo mwandiko wako umezidi kuwa mbaya.


Worcester
15 Desemba 1901

Dada Asenath,

Salaam za hapa nyumbani. Clara alikuwa na homa, imeshuka. Hattie ametia mdalasini na ilikuwa kama ulivyosema.

Sitaficha, barua yako imeniudhi. Mlikuwa wengi hapo kijijini, sasa mmebaki wachache, maana hamuoi wala kuolewa, na wengi wenu mnasaidiwa kupanda ngazi. Mkishakwisha, nani atajua mlikuwepo? Utazikwa chini ya jiwe lisiloandikwa kitu, na huku mwanamume aliyebuni tumbo lake tu atasomwa na watoto wa shule. Na wewe unasema "aitwe". Wewe, uliyetengeneza saa ya ukumbini ukiwa bado msichana, Mzee Ezra alipokuwa akiipiga kofi ili itembee! Mama yetu aliyetuzaa angekuwa hai angekutingisha mabega.

Unaniita "Orrin" na unajiita "Dada Asenath", kama ambavyo ungemwandikia muuza mbegu. Hapo kila mwanamke ni dada. Mimi nina dada mmoja wa damu, na ndiye ninayemwandikia.

Unauliza Stroud alipita lini. Ana watu wengi na wanaingia kila mahali. Hilo liache, halina maana. Andika kwa serikali.

Orrin


Harlow Hill
2 Machi 1902

Orrin mdogo wangu,

Natumaini Clara amepona na nyote mko salama. Sisi tuko salama. Dada Philena ameacha kukohoa na kuimba kumeendelea. Kondoo watatu wamezaa. Barua hii Mama Mlezi hakuisoma. Nimeibeba mwenyewe kwa miguu hadi posta ya njia panda, mara ya kwanza maishani mwangu, na niliporudi nikamwambia nilikotoka. Akaniuliza kama barabara ina matope. Nikasema naam, yamejaa.

Wakili wa Bwana Stroud ametuandikia. Anasema tumeonekana tukitumia mashine iliyo mali ya mteja wake. Tuache mara moja, ama tumlipe kwa kila kopo tutakalouza, miaka yote iliyobaki. Ndani ya bahasha ametia nakala ya hataza yenyewe, iliyopigwa chapa, pamoja na mchoro, ili tusijifanye hatujui.

Nilikaa na ule mchoro mezani. Ni mchoro mzuri sana. Mistari imetulia, kivuli kimekaa mahali pake, hata skrubu iliyolegea imechorwa ikiwa imelegea. Na kwenye ubao wa ubavuni, chini ya kanyagio, kuna matundu mawili. Nimetafuta kwenye maelezo yanasema nini. Yanasema: "Matundu ya kupitishia hewa, ili mashine isipate joto."

Orrin, nilicheka hadi Dada Philena akaja mbio akidhani nimepatwa na jambo. Baadaye nikalia.

Unajua ubao ule ulitoka wapi. Hapa hatutupi mbao. Nilipohitaji kipande kigumu cha ubavu, nilipanda darini nikang'oa ubao wa kitanda kidogo cha kamba, na yale ni matundu yaliyokuwa yakipitisha kamba. Hayana kazi yoyote kwenye mashine. Kitanda chenyewe kilikuwa chako. Ulikilalia tangu siku baba alipotuacha mlangoni hapa akasema anarudi. Ulikuwa huwezi kupata usingizi mpaka umechomeka kidole kwenye tundu, nami nikikaa ubavuni nikikushika kidole kile kwa upande wa pili.

Mtu anayeiba kwa kuchungulia hachori matundu yasiyo na kazi. Anayeyachora ni mtu aliyefundishwa achore anachokiona, asiongeze wala asipunguze. Aliyekufundisha ni mimi, kwa mkaa, nyuma ya ghala.

Septemba ile ulikaa jikoni kwangu ukichora asubuhi nzima. Nikakupa mkate na maziwa. Nilifurahi mno kwamba mkono wako haujasahau.

Basi, sikuombi uniambie ilikuwaje. Labda ulimpeleka yule bwana mchoro ukidhani atanisaidia nipate jina, maana wewe jina ndiyo dini yako. Labda siyo hivyo. Sitaki kujua, na ukinieleza nitaiweka barua kando. Mimi si wa kuelezwa. Waeleze wao.

Mzee Ezra ameshatoa amri mashine iwekwe darini na turudie visu vya mkono, kwa sababu Waumini hawagombani na watu wa dunia mahakamani. Alisema mbele ya wote kwenye chakula cha jioni. Nikasimama. Nikasema, "La."

Akasema, "Dada Asenath, hilo si ombi."

Nikasema, "Nami sijakataa ombi, Mzee. Nimekataa amri. Kila kidole kitakachokatika vuli hii nitakuletea wewe kwenye sahani."

Kisha Mama Mlezi Dorcas akasema, "Mzee Ezra, pitisha viazi." Mashine iko jikoni bado. Mzee Ezra ameipa muda hadi mavuno.

Jina sitaki, na hilo halijabadilika. Lakini yule bwana hatanizuia kutumia mikono yangu jikoni mwangu. Nenda kwa ofisa wa serikali, uapishwe, useme kwamba uliichora ukiiona, na uliiona wapi. Najua utapoteza kazi. Najua una mke na mtoto. Nimelipima hilo, na bado nakuambia nenda.

Asenath


Harlow Hill
18 Mei 1902

Orrin,

Salaam kwa Hattie na Clara. Hatujambo.

Hujajibu. Kila gari la posta likipita natoka nje, na akina dada wanajifanya hawanioni.

Leo tumepanda mahindi. Mzee Ezra alitaka nusu ya shamba, kwa sababu visu vya mkono havitamaliza yote. Nimepanda shamba zima. Mbegu zilipokwisha nilienda kuazima kwa jirani.

Asenath


Fitchburg, Massachusetts
6 Julai 1902

Dada yangu,

Anwani mpya unaiona hapo juu. Tunakaa kwa shangazi yake Hattie, chumba kimoja, na Clara amegundua kwamba ukipiga ukuta, shangazi anapiga pia. Wote wazima. Mama mkwe amesema kwa sauti kwamba mimi ni mpumbavu, kisha akatuletea kuku. Shikamoo, Mama Mlezi, kama unaisoma. Kama huisomi, shikamoo vilevile.

Nilikaa kimya tangu Machi. Kila jioni nilichukua kalamu, na kila nilichoandika kilikuwa ni kujieleza, nawe ulishanifungia mlango huo. Ulijua unachofanya. Ukanipa mlango mmoja tu, nikauzunguka miezi mitatu nikitafuta dirisha. Barua yako ya Mei ndiyo iliyonimaliza. Shamba zima, Dada! Hattie alipoisoma akaweka kofia yangu mezani mbele yangu akasema, "Haya, bwana. Wamepanda wakikutegemea wewe."

Nilikwenda. Walikuwepo ofisa, wakili wa Stroud, na Stroud mwenyewe, amevaa kizibao cha hariri siku ya joto. Wakili alianza kwa upole, kama mtu anayemzoeza farasi.

"Bwana Whitcomb, wewe ni mchoraji tu. Unachora unachoelekezwa, siyo?"

"Nachora ninachokiona."

"Na mchoro huu ulielekezwa na nani?"

"Na mashine. Ilikuwa mbele yangu, jikoni kwa dada yangu, Harlow Hill. Alikuwa akiikanyaga huku akinilaumu kwamba nimekonda."

Stroud akacheka. "Huyu ana kinyongo. Nilimnyima cheo."

Ofisa akauliza kama nina ushahidi wowote zaidi ya neno langu. Nikamwomba afungue hataza kwenye mchoro, nikaweka kidole. "Mwulize Bwana Stroud haya matundu ni ya nini."

"Ya hewa," akasema Stroud. "Imeandikwa hapo."

"Hewa inatoka wapi inakwenda wapi? Nyuma ya ubao huo hakuna kitu. Ni ubavu tu."

Stroud akamtazama wakili. Wakili akatazama dirisha. Ofisa akaniuliza, "Basi wewe unasema ni ya nini?"

"Ya kamba ya kitanda, bwana."

"Umejuaje?"

"Nimekilalia."

Nikawaeleza yote, hata habari ya kidole. Sikuona haya. Ofisa aliandika, akasimama, akaandika tena. Alisema atatuma mtu kuja kuuona ubao, na nasikia alikuja. Natumaini mlimpa pai.

Nje, Stroud alinisubiri kwenye ngazi. "Nimekulisha miaka tisa," akaniambia. "Hutachora hata banda la kuku katika mji huu." Nikamwambia banda la kuku nitampelekea bure, aliweke karibu na beseni.

Sasa nisikilize vizuri. Wakili mmoja wa hapa Fitchburg, mtu mwaminifu, anasema hataza ya Stroud haitasimama. Njia iko wazi. Ukiomba sasa hivi utaipata wewe: *Asenath Whitcomb*, kwa herufi za chapa, Washington, milele. Nitachora mimi. Wenye viwanda watakuja kwako wamevua kofia. Nilichokuondolea nitakurudishia. Sema "naam" tu, neno lenu hilohilo.

Mdogo wako,
Orrin


Harlow Hill
31 Agosti 1902

Orrin mdogo wangu mpendwa,

Salaam nyingi kwako, kwa Hattie, kwa Clara na ukuta wake, na kwa mama mkwe, ambaye nimeanza kumpenda kabla sijamwona. Huku tu wazima na tumechoka. Mahindi yamekwisha yote. Shamba zima, Orrin. Yamekatwa, yamekauka, yamo makoponi, na vidole vyote jikoni viko mahali pake. Nilimwonyesha Mzee Ezra sahani tupu. Akasema naam, ameiona, akaomba viazi.

Mtu wa serikali alikuja. Tulimpa pai. Alipiga magoti kwenye sakafu, akachomeka penseli kwenye tundu moja, kisha la pili, akatikisa kichwa. Juma lililopita wakili wa Stroud ametuandikia tena, mistari miwili, kwamba barua yake ya kwanza tuichukulie kama haikuandikwa. Mama Mlezi ameitumia kuwashia jiko.

Kuhusu hataza, jibu langu ni la.

Usikunje uso, nisikilize. Stroud alitaka watu wote walipe ruhusa kwake. Wewe unataka walipe ruhusa kwangu. Dada Philena mwingine, huko Vermont au Ohio, anapojikata kidole, hataona tofauti yoyote kati yetu wawili. Mimi sikupigana miezi yote hii ili lango libadilishe mmiliki. Nilitaka ling'olewe.

Basi nimefanya hivi. Nimeichora mashine, kila kipande kwa vipimo vyake, karatasi kubwa, nami nimeibandika ukutani dukani kwetu, kando ya barabara. Nyingine nimewatumia wenye magazeti ya wakulima, na mawili yameshaichapa. Kwa kuwa kila mtu ameiona, wakili wako mwaminifu atakuambia kwamba hakuna tena awezaye kuidai kuwa yake, si Stroud wala mwingine. Mama Mlezi aliniuliza bei ya mchoro. Nikamwambia bure. Akaniuliza kama nina uhakika. Akaandika mwenyewe chini, kwa herufi kubwa: BURE.

Mapema mwezi huu alikuja mkulima mmoja wa Claremont akanakili mchoro akiwa amechuchumaa kwenye kreti. Akafika ubavuni. "Dada, haya matundu mawili ya nini?"

Mama Mlezi alikuwa akipanga makopo. Aliacha, akanigeukia.

"Toboa tu," nikamwambia yule bwana. "Mashine haikamiliki bila hayo."

Akatoboa, maana juzi alirudi kuniambia kwamba inafanya kazi vizuri ajabu, na kwamba majirani zake wawili wameiga kwake, pamoja na matundu.

Ulinionya nitazikwa chini ya jiwe lisiloandikwa kitu. Ni kweli, na nimeridhika. Lakini wewe ukipita siku moja kwenye shamba la mtu usiyemjua, ukasikia visu vikikata mahindi, omba uingie. Inama utazame ubavuni, chini ya kanyagio. Ukiyakuta, mwinue Clara achomeke kidole, nawe mshike kwa upande wa pili.

Njooni vuli. Kazi ya kuchora ipo, ila malipo ni chakula na lawama. Nitakuja kuwapokea stesheni mwenyewe, na nimeshamwambia Mama Mlezi kwamba siombi ruhusa.

Dada yako wa damu,
Asenath